Saa Inapima Nini?

Uzi wa sentimita 25, kokoto moja na msumari ukutani: vifaa hivyo vinatosha kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kupima muda. Kokoto likifungwa kwenye uzi, likavutwa kidogo pembeni na kuachiwa, litakwenda na kurudi kwa karibu sekunde moja. Mwanafunzi mmoja anahesabu mibembeo, mwenzake ameshika stopwochi au simu ya mwalimu. Wanahesabu mibembeo 20, wanasoma sekunde 20 na ushei, wanagawanya, wanaandika jibu daftarini. Uzi ukirefushwa hadi mita moja, mbembeo mmoja unachukua sekunde mbili. Kokoto likibadilishwa kwa zito zaidi, jibu halibadiliki. Kengele inalia, somo limekwisha.

Lakini kuna swali ambalo mtoto makini hulifikia mwenyewe. Tumejuaje kwamba mbembeo wa kumi ulichukua muda sawa na wa kwanza? Stopwochi imeonyesha. Na sekunde za stopwochi, tumejuaje kwamba zinalingana? Ndani yake mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Na mitetemo hiyo, ni nani aliyehakikisha kwamba inalingana? Mwalimu akikwama hapo asilaumiwe. Wanafalsafa, maimamu na maaskofu wamekwama mahali hapohapo kwa zaidi ya miaka 2,300, na baadhi yao waliacha maandishi ambayo mtoto huyo angefurahi kuyajua.

Urefu una bahati ambayo muda umenyimwa. Fundi cherehani akiutilia shaka utepe wake, anaulaza juu ya utepe wa jirani na kuona kama alama zinakutana. Sekunde ya asubuhi haiwezi kuchukuliwa na kulazwa juu ya sekunde ya jioni. Imekwenda. Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré aliliandika jambo hili waziwazi mwaka 1898: binadamu hana hisia wala chombo cha kumwonyesha moja kwa moja kwamba vipindi viwili vya muda vilivyoachana ni sawa. Tunachofanya, alisema, ni kuchagua saa ambayo ikitumika kanuni za maumbile zinakuwa rahisi. Kuchagua. Neno hilo halimo katika vitabu vya sayansi vya shule, na lingestahili kuwamo.

Galileo Galilei alilijua tatizo hili kwa mikono yake. Saa za zama zake, zile za magurudumu ya chuma kwenye minara, ziliweza kukosea robo saa kwa siku. Alipotaka kujua jinsi kitu kinavyoongeza mwendokasi kinapoanguka, aliupunguza mwanguko wenyewe: akaviringisha gololi ya shaba kwenye mfereji uliochongwa katika ubao mrefu ulioinamishwa. Muda akaupima kwa maji. Chombo kikubwa kiliwekwa juu, kikiwa na mrija mwembamba chini yake. Mchirizi ulikingwa kwa gilasi tangu gololi ilipoachiwa hadi ilipofika mwisho, kisha maji yale yakapimwa kwenye mizani. Uzito wa maji ndio uliokuwa muda. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1638 alieleza kwamba jaribio hilo lilirudiwa mara mia, na kwamba umbali ulikwenda kwa mraba wa muda: muda ukiwa mara mbili, umbali unakuwa mara nne.

Kuhusu pendulamu, yaani kitu kinachobembea kama lile kokoto letu, mwanafunzi wake Vincenzo Viviani alisimulia kwamba Galileo kijana aliitambua tabia yake alipoitazama taa ikibembea katika kanisa kuu la Pisa, akiihesabu kwa mapigo ya mshipa wake. Wanahistoria wanakitilia shaka kisa hicho. Kilichofuata hakina shaka: tabibu Santorio Santorio alitengeneza kifaa cha kupimia mshipa wa mgonjwa, nacho kilikuwa pendulamu ambayo uzi wake ulifupishwa au kurefushwa mpaka mbembeo ulingane na mapigo. Basi ukiamini visa vyote viwili, mshipa uliipima taa, kisha taa ikaupima mshipa.

Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens aliifunga pendulamu kwenye saa, na kosa la robo saa kwa siku likashuka hadi chini ya dakika moja. Huygens pia alionyesha kwamba Galileo alikosea kidogo: mbembeo mpana huchukua muda mrefu kuliko mwembamba, ndiyo maana mwalimu anasema kokoto livutwe kidogo tu. Halafu mwaka 1672 mwanaastronomia Jean Richer alitumwa kutoka Paris kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyokuwa sahihi Paris, ilianza kuchelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku. Akalazimika kuifupisha pendulamu. Sababu ilikuja kueleweka baadaye: dunia imetuna kwenye ikweta na inazunguka, hivyo mvutano wake huko ni dhaifu kidogo kuliko Paris. Saa kama hiyo ingeletwa Mombasa au Unguja ingechelewa vilevile.

Richer aligunduaje kwamba saa inachelewa? Kwa kutazama nyota. Mwendo wa pendulamu ulisahihishwa kwa mwendo wa mbingu, kama ambavyo karne tatu baadaye mwendo wa dunia ungekuja kusahihishwa kwa mitetemo ya atomu. Katika historia yote hii hakuna aliyewahi kuushika muda wenyewe na kuupima. Kila mara ni mwendo mmoja uliopimwa kwa mwendo mwingine.

Aristotle aliyasema haya mapema, karne ya nne kabla ya Kristo. Kwake muda ni hesabu ya mwendo kwa kufuata kilichotangulia na kilichofuatia. Pasipobadilika chochote, au tusipotambua badiliko lolote, hatusemi kwamba muda umepita. Mfano aliotoa ni wa watu wanaosimuliwa kulala usingizi mzito katika kisiwa cha Sardinia, karibu na mashujaa. Wakiamka, alisema, wanaiunganisha "sasa" waliyolala nayo na "sasa" waliyoamkia, na katikati hapana kitu.

Msomaji Mwislamu hapa ameshakumbuka Watu wa Pangoni. Sura ya 18 ya Qurani, ambayo Waislamu wengi huisoma kila Ijumaa, inasimulia vijana waliokimbilia pangoni na kulazwa humo. Walipoamshwa waliulizana wamekaa muda gani. Wengine wakakisia siku moja, au sehemu ya siku. Kisha wakasema Mola wao ndiye ajuaye zaidi, wakamtuma mmoja wao mjini na sarafu ya fedha akanunue chakula. Wakristo nao wana kisa cha vijana saba wa Efeso, ambamo sarafu hiyohiyo ndiyo inayofichua siri: muuzaji anaishangaa kwa kuwa ina sura ya mfalme aliyekwisha kufa zamani. Miili yao haikuwaambia kitu. Waliujua muda kwa kitu kilichobadilika nje yao.

Na Qurani inapoutaja muda huo, inautaja kwa namna ya pekee: miaka mia tatu, na ikaongezwa tisa. Wafasiri, akiwamo Ibn Kathir, wameeleza kwamba kila miaka mia ya jua ina miaka mia na mitatu ya mwezi. Hesabu inakubali. Miaka 300 ya jua ni takriban siku 109,573. Zikigawanywa kwa siku 354.37 za mwaka wa mwezi, jibu ni 309 na sehemu ndogo. Usingizi ni mmoja, saa ni mbili, na kila saa imetoa namba yake. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuikokotoa hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na akimaliza atakuwa ameelewa kitu kuhusu vipimo ambacho kokoto na uzi havikumfundisha: namba ya muda haina maana mpaka useme ni mwendo wa nini uliouhesabu.

Je, mwendo ukisimama, muda unasimama? Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo mwaka 354 na kuwa askofu wa Hippo, alilikabili swali hili katika Maungamo yake. Alikuwa amemsikia msomi mmoja akidai kwamba muda ni mwendo wa jua, mwezi na nyota tu. Akapinga. Tuseme mianga ya mbinguni imezimika, lakini gurudumu la mfinyanzi linaendelea kuzunguka: je, hatutaweza kuihesabu mizunguko yake na kusema hii ni ya haraka, ile ya polepole? Akaongeza hoja kutoka Kitabu cha Yoshua. Jua lilisimama ili vita viishe; jua lilisimama, lakini vita viliendelea, na viliendelea ndani ya muda. Ni hoja kali, na mwenye haki atakiri kwamba haimshindi Aristotle moja kwa moja, kwa sababu mapanga ya vita vile nayo yalikuwa mwendo. Augustino mwenyewe hakuishia hapo. Aliitafuta saa ya mwisho ndani ya nafsi: mtu anayekariri zaburi anajua ni kiasi gani kimepita na ni kiasi gani kimebaki, kwa kumbukumbu na kwa matarajio, bila kutazama jua.

Ajabu yenye kugusa moyo ni jinsi askofu huyu na Imam Al-Ghazali, waliotenganishwa na karibu miaka 700, walivyokutana kwenye jibu la swali jingine. Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba ulimwengu? Wote wawili walijibu kwamba hapakuwa na "kabla" hiyo. Muda uliumbwa pamoja na ulimwengu. Al-Ghazali aliiandika hoja hiyo mwaka 1095 katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, waliodai kwamba muda hauna mwanzo na kwa hiyo ulimwengu nao hauna mwanzo.

Isaac Newton, mtu wa dini kweli, alishika upande mwingine. Mwaka 1687 aliandika kwamba upo muda wa kweli, wa kihisabati, unaotiririka kwa usawa bila kutegemea kitu chochote, na kwamba saa zetu ni vipimo vya nje tu vya mtiririko huo. Gottfried Leibniz akamjibu kupitia barua alizoandikiana na kasisi Samuel Clarke miaka ya 1715 na 1716: ikiwa muda ni mto mtupu, Mungu angekuwa na sababu gani kuanza uumbaji katika nukta hii badala ya ile? Kwake muda ni mpangilio wa mambo yanayofuatana, basi. Fizikia ya shule inatumia muda wa Newton bila kumwambia mtoto kwamba upo ubishi. Na tangu nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein ya mwaka 1905 ubishi huo umehamia maabara. Mwaka 1971 saa za atomu zilizungushwa dunia nzima kwa ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zilirudi zikiwa nyuma kwa nanosekunde 59, za magharibi zikiwa mbele kwa nanosekunde 273, zikilinganishwa na zilizobaki Washington. Mto mmoja unaotiririka sawa kwa wote haupo.

Katika upande wetu wa dunia, mchungaji na mwanafalsafa Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wa jadi muda unaundwa na matukio, na mahali pasipo na tukio hapana muda. Alitoa mfano wa Wanyankole wa Uganda, ambao siku yao ilipangwa kwa mambo ya ng'ombe: saa ya kukamua, saa ya kupumzika, saa ya kuteka maji. Mbiti alikosolewa, na kwa haki, aliposema kwamba Waafrika hawana wakati ujao wa mbali. Mghana Kwame Gyekye alionyesha kwamba Waakan wanao. Lakini ule msingi, kwamba tukio linatangulia namba, haukuwa ushamba wala upungufu. Ni Aristotle na Leibniz waliokutwa zizini.

Mwendo nao una fumbo lake, na hapa michezo inafundisha kuliko kitabu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mlio wa bastola mpaka mwisho. John Walker aliyekuwa mgongoni kwake naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya dunia, na bado akawa wa pili. Mtambo ulisoma dakika 3 na sekunde 32.16, na rekodi ikaandikwa 3:32.2. Gawanya mita 1,500 kwa sekunde 212.16, unapata mwendokasi wa wastani wa mita 7.07 kwa sekunde. Jibu ni sahihi na mtihani utalipa alama zote. Lakini Bayi alikuwa na mwendokasi huo lini? Alianza kwa kasi kubwa, akaendelea kwa mabadiliko ya kila hatua, mguu ukigusa ardhi na kunyanyuka. Mita 7.07 kwa sekunde ni maelezo ya mbio nzima. Katika nukta moja ya muda isiyo na urefu, Bayi hakwenda popote.

Hilo ndilo fumbo la Zeno wa Elea, wa karne ya tano kabla ya Kristo. Mshale unaoruka, kila nukta uko mahali pamoja panapolingana na urefu wake. Kilicho mahali pamoja kimetulia. Basi mshale umetulia kila nukta, unaruka lini?

Katika maabara ya sekondari kipo kifaa kinachoonyesha fumbo hili kwa wino. Ni sumaku ya umeme yenye kijiti kinachogonga utepe wa karatasi mara 50 kwa sekunde, kwa kuufuata umeme wa gridi ambao nao hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Utepe umefungwa nyuma ya kigari kinachoteremka ubaoni. Kigari kikienda polepole, alama zinasongamana. Kikiongeza mwendo, zinaachana. Mwanafunzi anakata utepe kila baada ya nafasi tano, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Tuseme kipande cha kwanza kina sentimita 2.0, cha pili 2.6, cha tatu 3.2. Mwendokasi ulikuwa sentimita 20, kisha 26, kisha 32 kwa sekunde. Umeongezeka kwa 6 kila sehemu ya kumi ya sekunde. Mchapuko umeonekana kwa macho.

Chunguza utepe huo kwa karibu. Mwendo haumo ndani yake. Zimo alama, na kati ya alama na alama karatasi ni nyeupe. Tunaamini kigari kilipita pale katikati, na tunaamini kwa sababu nzuri, lakini utepe haukushuhudia. Na ile sekunde inayotumika, imetoka wapi? Imetoka kwenye mitambo ya kufua umeme. Msichana wa Iringa anayepima kigari chake analinganisha mteremko wa kigari na mzunguko wa mitambo inayosukumwa na maji kule Kidatu na kwenye bwawa la Julius Nyerere, Rufiji. Mahitaji ya umeme yakizidi ghafla, mitambo inapungua kasi kidogo sana, na alama kwenye utepe wake zinaachana kidogo sana. Kipimo chake cha muda ni maji ya mto yanayoanguka, kama ya Galileo.

Wanatheolojia wa Kiislamu waliufikiria utepe huu bila kuwa na utepe. Wafuasi wa Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, na ambaye akida yake imefundishwa kwa muda mrefu katika vyuo vya pwani yetu, walishikilia kwamba miili imeundwa na chembe zisizogawanyika, na kwamba sifa za chembe hizo hazidumu nukta mbili. Mungu huziumba upya kila nukta. Kinachoonekana kuwa ni mwendo ni kuumbwa kwa kitu hapa, kisha pale. Kabla yao An-Nadham wa Basra aliona kwamba umbali unaweza kugawanywa bila mwisho, akalazimika kusema kwamba kinachokwenda huruka baadhi ya sehemu. Hawakuwa wakicheza na maneno. Walikuwa wakiuliza kama kuna kitu chochote kinachoiunganisha alama ya kwanza na ya pili isipokuwa utashi wa Mungu, na mwanafizikia mwaminifu atasema kwamba kifaa chake hakiwezi kulijibu swali hilo. Hisabati ya karne ya 17 na ya 19 imetupa njia ya kukokotoa mwendokasi wa nukta moja kwa kutumia majirani zake wa kabla na wa baada. Imetupa namba. Kwa nini kilichopo sasa kiendelee kuwapo baadaye, hilo namba hazisemi.

Kuna jambo jingine ambalo saa hailiwezi: kuchagua pa kuanzia na pa kuishia. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mabomu kasri la Sultani wa Unguja, na watu kama mia tano wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa. Vitabu vinasema vita vile vilidumu dakika 38, vingine 40, vingine 45. Saa za wale mabaharia hazikuwa mbovu kiasi hicho. Inategemea unahesabu tangu muda wa onyo ulipokwisha saa tatu kamili asubuhi au tangu mzinga wa kwanza dakika mbili baadaye, na unaishia bendera ilipoanguka au mizinga ilipokoma.

Sayansi ya shule ina mfano wake mkubwa wa jambo hilo, nao ni wa Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya Magamba, aliweka maziwa yenye sukari kwenye friji yangali ya moto kwa sababu nafasi zilikuwa zinakwisha. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Mwalimu mmoja alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Osborne akafanya jambo la heshima: akarudi akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Ubishi juu ya matokeo hayo haujaisha, na sehemu yake kubwa ni ubishi wa saa. Maji yameganda lini? Yalipofika nyuzi sifuri, ilipoonekana barafu ya kwanza, au yalipokuwa barafu yote? Osborne alipima muda mpaka kuanza kuganda. Watafiti Burridge na Linden, katika makala ya mwaka 2016, walipima muda wa kufika sifuri na hawakuiona athari hiyo. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu juu au chini, jibu linaweza kugeuka. Mpemba hakukosea kuona alichokiona. Aliuliza swali ambalo kabla ya kulijibu ni lazima ukubaliane na mwenzako nini kinahesabika kuwa mwisho.

Sekunde yenyewe imebadilishiwa pa kusimama mara mbili. Hadi 1960 ilikuwa sehemu ya 86,400 ya siku ya wastani ya jua. Wanasayansi walikwisha kuhakikisha kwamba mzunguko wa dunia unapungua, hasa kwa sababu ya maji ya bahari yanayokupwa na kujaa kwa mvuto wa mwezi, na siku inarefuka kwa karibu milisekunde mbili kila karne. Baada ya kuutegemea kwa muda mfupi mwaka wa dunia kulizunguka jua, mwaka 1967 wakaiweka sekunde kwenye atomu ya sesiamu: mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wake. Mwaka 1983 mita nayo ikafungwa kwenye sekunde, kuwa umbali unaokwendwa na mwanga kwa sehemu ya 299,792,458 ya sekunde. Urefu, uliokuwa na bahati ya kulazwa utepe juu ya utepe, sasa umeukopa muda.

Kwa kuwa atomu na dunia haziendi pamoja, tangu 1972 sekunde 27 zimeongezwa kwenye saa za dunia, ya mwisho ikiwa tarehe 31 Desemba 2016. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa mataifa wa vipimo uliazimia kuachana na nyongeza za aina hiyo ifikapo 2035. Saa zitaliacha jua liende zake. Kwa mtu wa Kigoma hilo si jipya: Tanzania nzima inatumia saa ya longitudo 45, kwa hiyo kwa wastani jua linafika kati Dar es Salaam saa sita na dakika 23, na Kigoma saa saba na dakika moja. Adhana ya adhuhuri inalifuata jua, kengele ya shule inafuata atomu, na watoto wanaitikia zote mbili.

Msimamo wa makala haya ni huu. Saa hupima mwendo kwa mwendo. Kwamba mienendo mingi kiasi hicho, mshipa, pendulamu, sayari na atomu, inakubaliana kwa karibu namna ile, ni jambo la kushangaza ambalo sayansi inalikuta na kulitumia bila kulitengeneza. Kama nyuma ya makubaliano hayo upo muda wenyewe, au upo utashi wa Muumba, au hakuna zaidi ya makubaliano, hapo mtu anasimama kwa imani au kwa falsafa, na stopwochi haitamwondolea wajibu wa kuchagua. Mtoto ana haki ya kuambiwa hivyo.

Katika shule zetu nyingi mwalimu wa dini anasimulia Watu wa Pangoni au vita vya Yoshua asubuhi, na mchana mwalimu wa sayansi anawapimisha watoto haohao pendulamu, na hakuna anayewaambia kwamba ni swali moja. Walimu hao wawili wakae pamoja. Wasimike fimbo uwanjani saa sita, wauwekee alama uvuli mfupi kuliko wote, kisha watoto wasubiri mpaka uvuli uongezeke kwa urefu wa fimbo yenyewe, ambao kwa madhehebu ya Shafi ndio mwanzo wa alasiri. Wapime kwa saa ya mkononi, waandike namba, warudie mwezi unaofuata waone kama ni ileile. Halafu wawaulize watoto ni ipi kati ya mbili hizo, ya uvuli na ya mkononi, iliyo saa ya kweli, na wawaache wabishane.